Pikipiki ya kale si chuma chakavu, wala si ya kupigwa msumeno

PIKIPIKI kubwa ya safari iliyotengenezwa mwaka 1972 ikifikishwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu huwekwa kwenye mizani kama sufuria iliyotoboka. Aluminiamu upande wake, chuma upande wake, shaba ya waya upande wake. Kilo zinahesabiwa, noti zinatolewa, na mambo yamekwisha. Pikipiki hiyo hiyo ikiangukia mikononi mwa baadhi ya vijana wetu wa mjini, haina nafuu kubwa. Wameona picha za pikipiki zilizofanyiwa urembo huko Ulaya na Marekani, nao hukimbilia msumeno: wanakata fremu nyuma ya kiti, wanatupa madigadi, wanaweka kiti chembamba kama ubao wa kukatia vitunguu, kisha wanapiga rangi nyeusi na kupiga picha.

Ndugu msomaji, mimi naona makundi haya mawili yanafanya kosa lile lile. Yote mawili hayaulizi chombo hiki kilitengenezwa ili kifanye nini. Na kwa kuwa pikipiki za namna hii zimebaki chache katika nchi zetu, kwenye mabanda ya misheni, nyuma ya nyumba za wazee, chini ya maturubai yaliyojaa kinyesi cha kuku, nadhani jambo hili linastahili kusemwa gazetini na si gereji tu.

Nitatoa mfano wa pikipiki ninayoifahamu vizuri, BMW R75/5. Ilitengenezwa Berlin, katika kiwanda cha Spandau, kati ya mwaka 1969 na 1973. Injini yake ina sentimita za ujazo 745, silinda mbili zilizolala, moja kulia na moja kushoto, kama mtu aliyenyoosha mikono apimwe koti. Injini ya mpangilio huo huitwa boksa. Ukilitaja neno hilo kwa motari yeyote wa Kigali au bodaboda wa Mwanza, atafikiria ile pikipiki ya Kihindi yenye silinda moja inayobeba abiria, na ukimweleza kwamba kuna boksa nyingine ya nguvu farasi 50 isiyokuwa na mnyororo, atakuona mwongo. Lakini ndivyo ilivyo. Nguvu ya injini huenda kwenye gurudumu la nyuma kwa shafti inayozunguka ndani ya mafuta, kama ilivyo kwa lori. Hakuna mnyororo wa kukaza, hakuna sproketi ya kubadilisha kila baada ya miezi michache kwa sababu ya vumbi.

Chombo hicho kilikusudiwa kubeba watu wawili na mizigo yao, kutoka asubuhi hadi jioni, siku kadhaa mfululizo. Tangi lake kubwa linaingia lita 24. Hata ukikadiria matumizi ya lita 6 kwa kilomita 100, unakwenda kilomita 400 bila kusimama. Kutoka Kigali hadi Dar es Salaam kupitia Rusumo ni karibu kilomita 1,500, maana yake utajaza mafuta mara tatu njiani. Sasa niambieni, mtu anapokata sehemu ya nyuma ya pikipiki kama hiyo, akaondoa mahali pa abiria na pa mzigo, kisha akaweka tangi dogo la lita 9 kwa ajili ya sura, amebakiwa na nini? Amebakiwa na pikipiki nzito ya kwendea dukani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba msumeno wenyewe hauhitajiki. Fremu ya nyuma ya R75/5 imefungwa kwa bolti kwenye fremu kuu. Ndiyo inayobeba kiti na madigadi, na ndiyo inayoshika vichwa vya juu vya shokapu za nyuma. Anayetaka sura tofauti anaweza kuifungua, kuipaka mafuta, kuihifadhi darini, na kumwomba fundi mzuri wa kuchomelea amtengenezee nyingine kwa kipimo kile kile cha matundu ya bolti. Akichoka na urembo wake, au akipata mtoto na kuhitaji kiti kirefu, anairudisha ya zamani katika muda wa alasiri moja. Mimi hiyo ndiyo ninayoiita kubadilisha: kila ulichokiondoa unaweza kukirudisha kwa spana.

Nina sababu ya kulisema hili kwa ukali. Kijana niliyemfundisha miaka ya nyuma alinunua pikipiki ya Kijapani ya miaka ya 80 iliyokwisha kukatwa na kuunganishwa upya. Bomba lilikuwa limechomelewa juu juu, nyufa zikasawazishwa kwa gundi ya bodi, kisha rangi nzuri ikafunika kila kitu. Kwenye mteremko wenye kona, akiwa na mdogo wake nyuma, fremu ilikatika palepale kwenye kiungo. Wote wawili wako hai. Mguu wake wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto, naye hutembea kwa gongo. Fundi aliyeichomelea hakuitwa na mtu yeyote, na aliyeiuza alisema aliinunua hivyo hivyo.

Baada ya kusema hayo, nisieleweke kwamba nataka kila pikipiki ya zamani irudishwe kama ilivyotoka kiwandani, mpaka kibandiko cha tangi. Wapo watu wa namna hiyo, hasa huko Ujerumani na Uingereza, wanaoweza kugombana siku nzima kuhusu rangi ya bolti moja. Pikipiki iliyotengenezwa kwa ajili ya lami ya Ulaya haiwezi kuishi kwetu bila kurekebishwa, na hapo ndipo penye utamu wa kazi yenyewe.

Chukua taa ya mbele. Kioo chake si kioo cha kawaida, kina mistari inayoupinda mwanga. Taa ikiwa chini, mwanga hunyanyuka kidogo upande wa ukingo wa barabara ili kumwonyesha dereva wapita njia, na hushuka upande wa magari yanayokuja ili usiwapige machoni. Tanzania, Kenya na Uganda wanaendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo tunaendesha kulia. Pikipiki iliyoishi Arusha ikiletwa Kigali na kioo chake cha zamani, itamulika vizuri sana macho ya dereva wa lori anayekuja mbele yake, na kumwacha gizani mama anayetembea pembeni na ndoo kichwani. Kioo kinachofaa hakina gharama kubwa, lakini ni wachache mno wanaokumbuka kukibadilisha. Wengi hudhani taa ni taa. Mimi niliyekulia Karagwe nikasomea huko, nikarudi nyumbani kijana, nilichukua muda mrefu kuacha kutazama kwanza upande usio sahihi kabla ya kuvuka barabara. Mashine haina hata hiyo fursa ya kujizoesha. Ni lazima mtu aifungue na kuigeuza.

Kuna pia suala la mwinuko. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko Dar es Salaam. Injini inapumua hewa kidogo, lakini jeti ya kabureta haijui hivyo, inaendelea kumwaga petroli kama vile bado iko ufukweni. Matokeo yake ni plagi nyeusi zenye masizi, moshi wenye harufu, na mafuta kuisha upesi. Mafundi wengi hubadilisha plagi kila wiki wakidhani ndiyo mbovu. Dawa ni jeti ndogo kidogo, halafu kuisoma plagi baada ya safari ya kweli: ikiwa rangi ya kahawia kama biskuti, umepatia, ikiwa nyeupe, umepunguza mno na utaichoma pistoni. Na atakayeshuka pwani atembee na jeti zake za zamani mfukoni, zimefungwa kwenye kitambaa. Ni vipande vya shaba vidogo kuliko punje ya muhogo uliopondwa, na ukikiangusha kimoja mchangani umekwisha.

Nguvu zenyewe tusizihesabu sana. Zile farasi 50 za Berlin zikipanda hapa zinakuwa kama 43. Zinatosha.

Jambo la tatu halionekani kwa macho. Injini za wakati huo zilitengenezwa petroli ikiwa na risasi, na risasi ile, pamoja na sumu yake, ilikuwa ikilinda vikalio vya valvu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa risasi kwenye petroli kufikia Januari 2006, kufuatia makubaliano ya Dakar ya mwaka 2001, na nchi ya mwisho duniani kuiacha ilikuwa Algeria mwaka 2021. Ni uamuzi uliookoa akili za watoto wetu, na hakuna mwalimu atakayeulalamikia. Lakini kwa mwenye injini ya zamani, maana yake ni kwamba kikalio cha valvu ya egzosi kinaweza kuliwa polepole, valvu ikazama ndani ya silinda hedi. Dalili yake ni rahisi kuiona. Kwenye R75/5 upenyo wa valvu ni milimita 0.15 kwa ile ya kuingiza na 0.20 kwa ile ya kutoa. Ukiupima leo, ukaja kuupima tena baada ya kilomita elfu mbili ukakuta wa kutoa umepungua, ukaurekebisha, ukapungua tena, usiendelee kurekebisha tu. Peleka hedi kwa mkerezaji akuwekee kikalio kigumu.

Watu huniuliza kazi kama hii mtu anaifanyaje nyumbani. Huifanya kama mama anavyopika pilau kwenye jiko la mkaa moja: kwa kupanga. Makopo ya maziwa ya unga ni bora kuliko kabati lolote, kila kopo na sehemu yake, na karatasi ndani inayosema bolti hizi zimetoka wapi. Zamani tulichora kwa penseli, lakini simu ya mkononi imerahisisha, unapiga picha ya kila waya kabla ya kuuchomoa. Kutu ya ndani ya tangi huondoka kwa siki na kokoto ndogo, kwa kutikisa hadi mabega yaume. Beringi inayokaa ndani ya aluminiamu haipigwi nyundo. Unaipasha moto aluminiamu juu ya jiko, unaitemea mate, na mate yakiruka badala ya kutulia, beringi itadumbukia yenyewe kwa uzito wake. Mke wangu ana maoni yake kuhusu kutema mate karibu na jiko lake, na sitayaandika hapa.

Kipo kipimo kimoja ambacho kila mwanafunzi wangu aliyekiona amekipenda. Upande wa kushoto wa injini kuna tundu dogo lenye kizibo cha mpira. Ukikitoa, unaliona flaiwili likizunguka, nalo limechongwa herufi. OT ni pistoni ikiwa juu kabisa, S ni mahali cheche inapotakiwa kuruka injini ikiwa katika mwendo wa taratibu, na F ni pale inapotakiwa kuruka injini ikikimbia. Unachukua balbu ndogo na waya wawili, unaunganisha kwenye pointi za cheche, unazungusha injini kwa mkono, na balbu inakuambia ni sekunde gani pointi zimefunguka. Balbu ya shilingi chache na tundu la kidole, na mtoto amekwisha kuelewa jambo ambalo kitabu kinalieleza kwa kurasa tatu asielewe.

Hapa ndipo hoja yangu kama mwalimu inapoanzia. Katika shule zetu nyingi za ufundi, injini ipo ubaoni. Imechorwa vizuri kwa chaki za rangi, mishale imewekwa, na mwanafunzi anaweza kutaja mizunguko minne bila kukosea. Lakini mpe spana na nati iliyoshikwa na kutu ya miaka 30, hajui kwamba kwanza huloweshwa kwa mafuta, hupashwa moto, huachwa hadi kesho, na hujaribiwa kwanza upande wa kukaza kabla ya kulegeza. Uvumilivu wa namna hiyo hautahiniwi, kwa hiyo haufundishwi. Sioni sababu ya kila shule ya ufundi kukosa walau injini moja kuukuu ambayo kila darasa linaifungua yote na kuifunga yote, hadi iwake. Zinazoyeyushwa kila mwezi kwenye tanuru za vyuma chakavu zingetosha.

Wapo watakaosema nimechelewa. Tangu Januari 2025 Rwanda haisajili tena pikipiki mpya za petroli kwa ajili ya kubeba abiria mjini Kigali, ni za umeme tu. Barabara zimeanza kutulia, na vituo vya kubadilishia betri vinaonekana katika mitaa mingi. Ya nini basi kumfundisha kijana kabureta? Sina ugomvi na pikipiki za umeme. Binafsi hupenda kuzipanda, hazinipigi moshi usoni. Lakini nayo ina gurudumu lenye beringi, ina breki, ina shokapu, ina fremu inayoweza kupata ufa, na ina waya nyingi kuliko pikipiki yoyote ya mwaka 1972. Aliyejifunza kufuatilia umeme kwenye R75/5 yenye altaneta ya wati 180 anajua kuhesabu: taa ya mbele inakula 45 ikiwa juu, koili zinakula chake, taa ya nyuma chake, na kilichobaki ndicho cha kuchaji betri, tena injini ikiwa inakimbia. Atakayefunga taa mbili za ziada na chaja ya simu bila kupiga hesabu hiyo, atasukuma pikipiki yake usiku. Hesabu hizo hizo ndizo za betri ya kisasa. Kilichobadilika ni tarakimu.

Halafu kuna masikio. Pale Gatsata, ambako kwa miaka mingi magari na pikipiki za Kigali zimekuwa zikifunguliwa na kufungwa, wapo wazee wanaoweza kusawazisha kabureta mbili kwa kusikiliza tu, bila kifaa, wakichomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine na kulinganisha mlio. Na lugha wanayoifanyia kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, ni Kiswahili. Bunge letu lilipopitisha mwaka 2017 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, wengi walifikiria mikutano na hotuba. Gereji zilikuwa zimekwisha kulipitisha kitambo. Maneno ya kazi yapo, pistoni, ringi, klachi, sili, kukaza, kulegeza, kukereza, kuchuna, lakini hayako katika kitabu chochote alichonacho mwanafunzi wangu mkononi. Wazee hao wakistaafu bila mtu wa kukaa nao akiandika, hatutakuwa tumepoteza pikipiki peke yake.

Kuhusu fedha sitamdanganya mtu. Pistoni mbili na ringi zake zinaweza kumaliza mshahara wa mwalimu wa mwezi mzima na kudai nyongeza. Bahati iliyopo ni kwamba kampuni iliyoitengeneza bado inauza spea nyingi za pikipiki hizo, na kwamba silinda za mfululizo ule zina bomba la chuma ndani ya aluminiamu, kwa hiyo huweza kukerezwa na kuwekewa pistoni kubwa kidogo. Zile za kuanzia mwaka 1981 zilipakwa utando mgumu ndani, hizo hazikerezwi. Anayenunua aangalie mwaka kabla hajatoa pesa. Aangalie pia namba ya fremu kwenye shingo ya usukani na namba ya injini upande wa kushoto karibu na kijiti cha kupimia oili. Katika mfululizo huu zilitoka kiwandani zikiwa zinafanana. Zikitofautiana, aulize kwa nini, na zikiwa zimesagwa, aondoke.

Ninachokiomba kwa wahusika ni kitu kidogo. Mwananchi aliyejenga upya pikipiki yake nyumbani apewe mahali pa kuipeleka ikaguliwe viungo vya kuchomelea, breki na taa kabla hajaiingiza barabarani, na mkaguzi awe mtu anayejua kuukwangua rangi na kuangalia chini yake. Breki za dramu za R75/5, zenye milimita 200 mbele, zinasimamisha vizuri zikirekebishwa, lakini si za kukimbizana na magari ya leo. Mkaguzi amwambie hivyo mwenyewe ana kwa ana. Tairi nazo zisomwe tarehe, zile tarakimu nne ubavuni: 2308 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2008, hata kama meno yake bado yamesimama kama mapya.

Na kama wewe msomaji unayo moja chini ya turubai, ya marehemu baba au ya padri aliyerudi kwao, usiipige stata leo. Fungua kwanza waya wa hasi wa betri, maana kwenye boksa hizi kifuniko cha mbele cha injini kikigusa bamba la diodi umeme ukiwepo, utaliunguza. Mwaga oili ya zamani. Toa plagi zote mbili, mimina kijiko cha oili safi kwenye kila tundu, ingiza gia ya nne, na uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono, taratibu. Likizunguka, weka kizibo cha kitambaa kwenye matundu ya plagi na uanze kukusanya makopo. Likigoma, usilazimishe, iache oili ilale humo siku tatu, kisha ujaribu tena.